Kwa Nini Shati Jeupe Hugeuka Manjano Kwapani

Shati jeupe ni mali. Karani mwenye mashati matatu meupe aweza kwenda kazini juma zima akiwa nadhifu, na mkulima mwenye moja tu hulitunza sandukuni kwa ajili ya ibada, arusi na mikutano ya chama cha ushirika. Lakini mara nyingi shati hilo halifi kwa uchakavu. Kola bado ni nzima, vifungo vyote vipo, mikono haijachanika. Ila mwenyewe akiinua mkono, doa la manjano lenye ukubwa wa kiganja laonekana kwapani, nalo ni gumu kama karatasi iliyolowa ikakauka. Basi mtu huyo hujizoeza kutoinua mkono mkutanoni hata kama ana neno la maana la kusema, au huvaa koti mchana kutwa katika joto la Mombasa.

Jambo la kusikitisha zaidi ni lawama. Bwana akiliona doa humwuliza mkewe, "Mama, ile sabuni niliyoleta imekwenda wapi?" Mama naye humwuliza dobi, na dobi huyalaumu maji. Kumbe huenda hakuna hata mmoja aliyezembea. Shati lililofuliwa kwa bidii kubwa, kwa sabuni nyingi na maji ya moto, ndilo ambalo mara nyingi hugeuka manjano upesi. Doa hili si uchafu wa kawaida, na mtu asiyejua asili yake hulipalilia akidhani analing'oa.

Asili ya Doa

Yafaa kwanza tuseme habari za jasho lenyewe. Mwili wa mtu una tezi za jasho za aina mbili kubwa. Za kwanza zimeenea karibu mwili mzima, nazo hupita milioni 2 kwa hesabu. Jasho lake ni maji na chumvi, na kazi yake ni kuupoza mwili. Aina ya pili ziko hasa kwapani na katika sehemu nyingine chache. Hizo huanza kazi mtu anapobalehe, na jasho lake lina mafuta na protini. Watu wengi hudhani kwamba jasho hilo hutoka mwilini likiwa na harufu, lakini sivyo. Mwaka 1953 daktari wa Marekani, Walter Shelley, pamoja na wenzake, walionyesha kwamba jasho la kwapani likikusanywa safi halinuki. Harufu hutokea bakteria wa ngozini wanapolipata na kulivunjavunja.

Kwa sababu hiyo dawa za kwapa ni za namna mbili. Ya kwanza huwaua bakteria au huifunika harufu kwa manukato, na jasho huliacha litoke. Ya pili hulizuia jasho lisitoke, nayo hufanya hivyo kwa chumvi za alumini. Dawa nyingi ziuzwazo madukani leo, ziwe za kuviringisha, za kunyunyiza au za kijiti, hufanya kazi zote mbili. Mwenye kutaka kujua aliyo nayo asome maandishi madogo nyuma ya chupa: akiona neno lenye kuanza na "alumini" katika lugha yo yote, ni ya kuzuia jasho.

Sasa tazama lifanyikalo. Chumvi ya alumini huyeyuka katika maji, lakini ikikutana na jasho ndani ya vinyweleo hugeuka kuwa kitu kizito kama ute wa yai, na ute huo huziba njia ya jasho. Hiyo ndiyo kazi tuliyoinunulia. Lakini sehemu ya dawa ambayo haikukauka ngozini huingia katika shati, na humo hufanya kazi ile ile: hushikana na protini na mafuta ya jasho katikati ya nyuzi za pamba. Kisha huja sabuni ya mche. Sabuni ya kawaida ikikutana na alumini hufanya namna ya sabuni isiyoyeyuka, yenye kunata, jamaa ya ule utando wa kijivu uonekanao ndani ya beseni watu wanapofua kwa maji magumu ya kisima. Kila wiki tabaka jipya huongezwa juu ya la zamani. Ndiyo maana doa hili, tofauti na doa la chai au la damu, halionekani siku moja. Huja polepole kwa miezi, na likionekana limekwisha kujenga nyumba.

Mafundi wa kutia nguo rangi walijua nguvu hii ya alumini tangu zamani sana. Kabla ya kuitia pamba rangi za mizizi na majani waliiloweka katika maji ya shabu, kwa maana shabu huishika rangi isitoke. Na shabu ni chumvi ya alumini. Basi mtu anayejipaka dawa asubuhi na kulivaa shati papo hapo, kwapa lingali bichi, amelitayarisha shati lake kama fundi anavyotayarisha kitambaa. Na rangi inayokuja kushikwa ni umanjano wa jasho na mafuta yaliyooza.

Hapa yafaa niseme neno kwa wale wanaotumia jiwe lenyewe la shabu, kama vinyozi watumiavyo baada ya kunyoa ndevu. Ni dawa nzuri na ya bei nafuu. Lakini wauzaji wengine huisifu kwamba haina alumini hata kidogo, na maneno hayo si kweli.

Taabu hii si mpya, wala haikuanza kwetu. Mwaka 1912 Edna Murphey wa Cincinnati, Marekani, alipeleka katika maonyesho ya Atlantic City dawa ya maji iitwayo Odorono, ambayo baba yake, daktari mpasuaji, aliitengeneza ili viganja vyake visitoke jasho wakati wa kazi. Ilizuia jasho vizuri, lakini alumini yake ilikuwa ndani ya asidi kali; iliwasha ngozi na kula nguo, na tena rangi yake ilikuwa nyekundu. Miongoni mwa nguo zilizoharibika yatajwa gauni la arusi. Mkemia Jules Montenier ndiye aliyepata hati ya uvumbuzi mwaka 1941 kwa njia ya kuupunguza ukali huo. Tangu hapo nguo zimeacha kutoboka, lakini umanjano umebaki.

Dawa Zinazolizidisha Doa

Mtu akiona doa la manjano juu ya nguo nyeupe, fikira yake ya kwanza ni kutia dawa ya klorini, ile ambayo wengi katika Kenya huiita Jik hata ikiwa imetengenezwa na kampuni nyingine. Kwa doa hili ni kosa kubwa. Klorini hushikana na protini za jasho na kuuzidisha umanjano, tena huidhoofisha pamba, hata shati hupasuka mahali hapo hapo. Maji ya moto sana nayo huzikausha protini ndani ya nyuzi, kama yai linavyoganda sufuriani. Na pasi ndiyo muhuri: doa lililopigwa pasi mara kumi ni kazi kubwa kuliondoa.

Buluu ya kufulia haina madhara, lakini usidanganyike nayo. Haiondoi umanjano, huongeza rangi ya samawati kidogo ili jicho lione weupe. Kwa kola yafaa sana. Kwapani palipokwisha kuwa manjano, hufanya doa liwe la kijani hafifu.

Kinga Huanza Usiku

Wengi wetu hujipaka dawa asubuhi, dakika moja kabla ya kuvaa, basi likiwa limekwisha kupiga honi barabarani. Saa hiyo ndiyo mbaya kuliko zote. Dawa ya kuzuia jasho hufaa zaidi ikipakwa usiku kabla ya kulala, juu ya ngozi iliyooshwa na kukaushwa vizuri. Usiku mwili hutoa jasho kidogo, kwa hiyo dawa hupata nafasi ya kuingia katika vinyweleo na kuviziba bila kuoshwa na jasho. Asubuhi mtu aweza kuoga kwa sabuni kama kawaida. Kazi ya dawa haitoki kwa kuoga, lakini mabaki yaliyo juu ya ngozi hutoka, nayo ndiyo ambayo yangeingia katika shati. Anayetaka manukato ya asubuhi na atumie ile dawa ya aina ya kwanza, isiyo na alumini.

Asiyeweza kuacha desturi ya asubuhi ajipake kwanza, kisha achane nywele, anywe chai, apige viatu rangi, na shati liwe la mwisho. Tena ajipake kidogo. Kupaka mara nne badala ya mara mbili hakuzuii jasho mara mbili zaidi; ile ya ziada ni ya shati.

Fulana ya ndani yenye mikono mifupi ni kinga bora, kwa kuwa huipokea dawa na jasho kabla ya kulifikia shati, nayo ni rahisi kununua nyingine. Singlendi isiyo na mikono haisaidii neno hapa, kwani kwapa liko wazi. Kwa wale wanaoona fulana ni joto, wapo wanawake wa Ulaya na Marekani ambao zaidi ya miaka 100 iliyopita walishona vitambaa vidogo vya kwapa ndani ya magauni yao. Fundi cherehani ye yote aweza kuvikata kutoka katika fulana kuukuu, kwa umbo la nusu mwezi, na kuvishikiza kwa nyuzi chache ili vitoke siku ya kufua.

Kufua Kwenyewe

Siri kubwa ni kutoipeleka sabuni kwapani kabla ya kuiondoa alumini. Jioni shati livuliwapo, ligeuzwe ndani nje, na kwapa zisuuzwe kwa maji baridi matupu. Kazi hii ni ya dakika mbili, na mwenye shati aweza kuifanya mwenyewe bila kumwita mtu. Alumini ambayo haijakutana na sabuni bado huyeyuka, na nyingi huondoka na maji hayo.

Mara moja kwa wiki, au doa linapoanza kuonekana, litumike tunda la ndimu au siki nyeupe. Asidi huiyeyusha alumini, jambo ambalo sabuni haiwezi. Changanya kikombe kimoja cha siki na vikombe viwili vya maji, loweka kwapa kwa nusu saa au saa moja, sugua kwa mswaki laini wa zamani, suuza, kisha ndipo ufue kwa sabuni. Siki iwe ile isiyo na rangi, maana ile ya kahawia yaweza kuacha doa lake. Mwenye kutumia ndimu alikamulie shati jeupe la pamba, aliweke juani kwa muda, kisha asuuze vizuri kabla ya kufua. Shati la rangi lijaribiwe kwanza katika pindo la ndani.

Jambo moja lazima lishikwe na kila mtu nyumbani, na watoto waambiwe: siki au ndimu isichanganywe kamwe na dawa ya klorini, wala isitiwe katika beseni lenye mabaki yake. Hewa itokayo katika mchanganyiko huo ni sumu, huchoma macho na mapafu.

Doa la zamani sana halitatoka kwa siki peke yake. Baada ya siki kusuuzwa kabisa, shati jeupe la pamba laweza kutiwa haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3, ile iuzwayo katika maduka ya dawa kwa kusafishia vidonda. Iache nusu saa, kisha fua. Usilipige pasi mpaka likauke ukalitazama mchana kweupe. Likiwa bado na umanjano, rudia. Mashati mengine huhitaji mara tatu.

Alama nyeupe kama chaki zionekanazo juu ya shati jeusi au la samawati ni jambo jingine kabisa. Hayo ni mabaki ya dawa ya kijiti yaliyobaki juu ya kitambaa bila kuingia ndani, na hutoka kwa kusuguliwa na soksi kavu. Usiyatie maji kwanza.

Anunuaye mitumba, iwe Gikomba au katika soko la kijijini, aanze kulitazama shati kwapani kabla ya kola. Aligeuze ndani nje, alinyoshe juu ya vidole kuelekea jua, na kukipapasa kitambaa. Umanjano mwepesi juu ya kitambaa laini utatoka kwa siki, na huenda ukampunguzia bei. Kitambaa kikiwa kigumu na chenye kukwaruza, tabaka ni nyingi, na hapo afadhali alirudishe juu ya rundo, isipokuwa kama anapatana na fundi. Fundi hodari hukata kipande katika mkia wa shati, ule uingiao ndani ya suruali na ambao hakuna auonaye, akakitia kwapani mahali pa kile kilichoharibika. Na kwa kuwa kitambaa ni kile kile kimoja, kiraka hicho hakitambulikani hata mkono ukiinuliwa.