Claude Rains: Aliyeshindwa kutamka 'R' akaja kuitikisa Hollywood kwa sauti

Novemba 1933, filamu ya The Invisible Man ilipoanza kuonyeshwa Marekani, watazamaji walikaa zaidi ya saa nzima wakimfuatilia mtu ambaye sura yake hawaioni. Mwanzoni kafungwa bendeji kichwa kizima, kavaa miwani myeusi na glovu. Baadaye anaanza kuzifungua bendeji mbele ya watu, na chini yake hakuna kitu. Hakuna kichwa.

Kilichobaki ni sauti tu. Sauti nzito yenye mikwaruzo kidogo, inayobembeleza, halafu ghafla inatoa kicheko cha kutisha. Sura yenyewe inaonekana kwa sekunde chache mwishoni kabisa, mhusika akiwa kitandani, ameshakufa.

Sauti ile ilikuwa ya Claude Rains, Mwingereza wa miaka 44 ambaye Hollywood ilikuwa haimjui. Ndani ya miaka kumi na kidogo akawa ameteuliwa kuwania Oscar mara nne. Na kumbe utotoni huyu jamaa alikuwa hawezi hata kutamka jina lake mwenyewe.

'Willie Wains'

Alizaliwa 10 Novemba 1889, kusini mwa London, kwenye mitaa ya watu wa hali ya chini. Jina kamili ni William Claude Rains. Mama yake alizaa watoto 12 na wengi wao walikufa wakiwa wachanga. Shule aliiacha mapema, akaingia mtaani kuuza magazeti.

Alikuwa na kigugumizi. Juu ya hapo, herufi R ilimshinda kabisa, kila akiitafuta inatoka W. Akiulizwa anaitwa nani, jibu lilikuwa "Willie Wains". Na lafudhi yake ilikuwa Cockney nzito, ile ya wafanyakazi na wachuuzi wa London.

Anayeongea Kiswahili anaelewa jambo hili bila maelezo marefu. Ukisema "nakura" badala ya "nakula", watu wanacheka, halafu kimoyomoyo wanakadiria umetokea wapi na umesoma kiasi gani. London ya wakati ule ilikuwa hivyo hivyo, ila kali zaidi. Ukifungua mdomo tu, tabaka lako limejulikana, na milango mingine imeshafungwa.

Akiwa na miaka kama kumi alipata nafasi ya kutokea jukwaani, mtoto mmoja kati ya umati wa watoto. Hiyo ikamfungulia njia ya kupata ajira kwenye ukumbi wa His Majesty's Theatre. Usidhani ni uigizaji. Kazi yake ilikuwa kukimbia kwenye vyumba vya kuvalia na kuwaita waigizaji zamu zao zikifika. Lakini kila usiku alisikia Kiingereza cha waigizaji wakubwa wa nchi ile, bure.

Mkuu wa ukumbi huo alikuwa Herbert Beerbohm Tree, mwigizaji mwenye jina na mwanzilishi wa chuo cha uigizaji ambacho leo kinajulikana kama RADA. Aliona kuna kitu ndani ya kijana huyu, na aliona pia kwamba kwa mdomo ule hafiki popote. Akatoa hela yake mwenyewe kumlipia masomo ya kuongea. Kijana akashika vitabu, akafanya mazoezi, siku baada ya siku.

Kwa hiyo wanaposema Rains alizaliwa na sauti ya dhahabu, wanakosea. Sauti ile ilijengwa, tena kwa ada ya mtu mwingine.

Jicho lililobaki Ufaransa

Vita ya Kwanza ya Dunia ilipoanza mwaka 1914, Rains alikuwa Marekani na kundi la tamthilia. Akarudi Uingereza akajiunga na kikosi cha London Scottish. Kikosi hicho kina historia ya ajabu kidogo, kwa sababu ndani yake walipita pia Ronald Colman, Herbert Marshall na Basil Rathbone, wote baadaye mastaa wa Hollywood. Marshall alirudi kwao akiwa na mguu mmoja.

Rains alikutana na gesi ya sumu huko Vimy, kaskazini mwa Ufaransa, mwaka 1916. Akapona, lakini jicho la kulia lilibaki karibu kipofu hadi anaingia kaburini. Zirudie filamu zake ukijua hilo na bado hutaona dalili yoyote.

Aliingia jeshini kama askari wa kawaida, akatoka akiwa kapteni. Kwa jeshi la Uingereza la enzi zile, ambako uofisa ulikuwa kwanza kwa watoto wa wakubwa, hiyo si hatua ndogo. Ni vigumu kuamini kwamba ingewezekana kama angekuwa bado ni Willie Wains.

Baada ya vita akarudi jukwaani London, na akaanza kufundisha RADA, chuo kile kile cha Tree. Miongoni mwa wanafunzi wake walikuwepo John Gielgud na Charles Laughton. Yaani mtoto aliyelipiwa ada ili ajifunze kuongea sasa ndiye anayewafundisha wengine. Laughton alikuja kutwaa Oscar ya mwigizaji bora kwa filamu ya mwaka 1933, mwaka ule ule mwalimu wake alipokuwa ndiyo kwanza anabisha hodi Hollywood.

Filamu zilipoanza kuongea

Hapa inabidi turudi nyuma kidogo. Hadi katikati ya miaka ya 1920 filamu zilikuwa bubu. Mwigizaji alihitaji sura, macho na mikono. Mwaka 1927 The Jazz Singer ikaleta maneno na nyimbo kwenye skrini, na ndani ya miaka michache studio zote zikahamia kwenye sauti.

Ghafla studio zikahitaji watu wanaojua kusema sentensi ndefu ikaeleweka kupitia maikrofoni za wakati ule, ambazo zilikuwa hazina huruma. Watu hao walikuwa wapi? Kwenye majukwaa ya New York na London. Ndiyo maana miaka ya 1930 Hollywood ilijaa Waingereza kama majaji, madaktari, wafalme, wanyapara wa majumba ya matajiri na, mara nyingi sana, maadui. Mazoea ya kumpa adui lafudhi ya Kiingereza cha Uingereza yalichukua nguvu kipindi hicho, na hayajaisha mpaka leo.

Rains alikuwa ameshahamia New York na anafanya vizuri Broadway. Alipojaribiwa mbele ya kamera, alifeli. Alitumia ishara kubwa za jukwaani, zile za kumfikia mtu aliyekaa kiti cha mwisho kabisa, na kwenye kamera zilionekana kama vituko.

Mwongozaji James Whale, naye Mwingereza aliyepigana vita ile ile, hakujali. Alikuwa anaandaa The Invisible Man kutoka kwenye riwaya ya H.G. Wells, na alichotaka ni sauti. Alipoisikia ya Rains, utafutaji ukaishia hapo.

Kumfanya asionekane ilikuwa kazi ya fundi wa picha John P. Fulton. Kwa baadhi ya picha mwigizaji alivalishwa mahameli nyeusi mwili mzima, juu yake nguo za kawaida, akapigwa picha mbele ya ukuta wa mahameli nyeusi. Kwenye mkanda weusi wote unapotea, zinabaki nguo zinatembea. Picha hiyo ikaunganishwa na nyingine ya chumba. Kompyuta hakuna.

Si stelingi, lakini humsahau

Warner Bros wakampa mkataba. Tangu hapo, isipokuwa mara chache, Rains hakuwa stelingi. Alikuwa yule ambaye jina lake liko la tatu au la nne kwenye bango, ila ukitoka ukumbini unamzungumzia yeye. Waigizaji wa aina hii ndio waliobeba Hollywood ya zamani. Stelingi alipaswa kubaki yule yule filamu hadi filamu, maana mashabiki walimlipia hivyo. Aliyekuwa huru kubadilika ni huyu wa pembeni.

Na Rains alibadilika. Mwaka 1938 ni Mwanamfalme John kwenye The Adventures of Robin Hood, mwizi wa kodi mwenye madaha. Mwaka unaofuata ni seneta aliyeoza kwenye Mr. Smith Goes to Washington, mtu mwema wa zamani anayejua fika kwamba amejiuza, na aibu inamtafuna usoni.

Kisha Casablanca ya mwaka 1942. Jiji liko Morocco, ingawa karibu filamu yote ilipigwa studio California. Rains ni Kapteni Renault, mkuu wa polisi mla rushwa. Kuna sehemu anaamuru klabu ya Humphrey Bogart ifungwe, eti amegundua ndani kuna kamari. Wakati huo huo mfanyakazi anamletea hela alizoshinda kwenye kamari hiyo hiyo. Anazipokea, anashukuru kwa adabu zote. Mtu mwingine angelifanya lile kuwa kichekesho tu. Rains analifanya jambo la kawaida la ofisini, na ndiyo maana mpaka leo linachoma.

Lakini kazi yake bora, kwa maoni ya wengi, ni Notorious ya Alfred Hitchcock, 1946. Anacheza Sebastian, mfuasi wa Nazi aliyejificha Brazil, anayemwoa mwanamke ambaye kumbe ni jasusi wa Marekani. Mwanamke ni Ingrid Bergman, stelingi ni Cary Grant. Bergman alikuwa mrefu kuliko Rains, kwa hiyo palitengenezwa njia ya kuinuka ili kwenye baadhi ya picha wasipishane sana.

Tatizo la filamu hiyo, tena tatizo tamu, ni kwamba adui anampenda huyu mwanamke kweli. Grant ni mzuri wa sura lakini ana moyo wa barafu. Mwishoni Sebastian anaachwa nje ya gari, wenzake wanamwita ndani wakiwa wameshaelewa kila kitu. Anageuka, anapanda ngazi polepole, mlango unafungwa nyuma yake. Hasemi neno. Mtu aliyetambulika kwa sauti anaimaliza filamu kwa mgongo wake, na unajikuta unamwonea huruma Mnazi.

Oscar mara nne, mikono mitupu

Aliteuliwa mara nne kuwa mwigizaji bora msaidizi: Mr. Smith, Casablanca, Mr. Skeffington ya 1944 na Notorious. Kwenye Mr. Skeffington anacheza Myahudi anayerudi kutoka kambi ya Wanazi akiwa kipofu. Watazamaji wengi hawakujua kwamba mwigizaji mwenyewe jicho moja lilikuwa karibu kipofu, tena la vitani.

Mara zote nne alikosa. Ile ya mwisho, Machi 1947, tuzo ilikwenda kwa Harold Russell wa The Best Years of Our Lives, mwanajeshi wa kweli aliyepoteza mikono yote miwili kwa mlipuko kwenye mafunzo ya kijeshi. Hakuna aliyeweza kulalamika. Usiku ule walishindana majeruhi wawili wa vita mbili tofauti, ila wa mmoja tu ndiye jeraha lake lilionekana.

Maisha ya mastaa hayakumvutia sana. Alichukua uraia wa Marekani mwaka 1939, akanunua shamba kubwa Pennsylvania na kulilima. Ndoa ndiyo haikumtulia, alioa mara sita. Mwaka 1951 akarudi Broadway na Darkness at Noon, safari hii yeye ndiye stelingi, akachukua tuzo ya Tony akiwa na miaka 61. Kizazi cha baadaye kinamkumbuka zaidi kama Dryden, yule mwanasiasa mjanja wa Lawrence of Arabia ya 1962. Alifariki 30 Mei 1967 huko New Hampshire, akiwa na miaka 77.

Binti yake Jessica amesimulia siku The Invisible Man iliporudi kuonyeshwa kwenye ukumbi mdogo karibu na shamba lao. Baridi ilikuwa kali. Baba yake alikuwa amevaa kofia na kujifunga skafu usoni, huwezi kumjua ni nani. Wakafika dirishani, akaomba tiketi.

Mkata tiketi akaitambua sauti papo hapo, akataka waingie bure. Rains akakasirika. Akalipa bei kamili.