Peptidi za Ngozi na za Majeraha: Ulinganishi na Suala la Vitenzi Vyake

Makala haya yananuia kulinganisha peptidi tatu ambazo zimezagaa katika matangazo ya vipodozi na tiba: GHK, ile iuzwayo kwa jina la Matrixyl, na BPC-157. Yamkini msomaji atashangaa ni kwa nini mada ya kikemia imebisha hodi katika jarida la Kiswahili. Subira, ndugu msomaji. Suala la lugha limo humo humo.

Protini za mwili hujengwa kwa aina ishirini za asidi amino. Asidi hizo zinapoungana chache chache, mnyororo unaozaliwa huitwa peptidi. Mwanaisimu hatatatizika hapa: asidi amino ni mithili ya silabi, na mpangilio ndio uletao maana. Silabi zile zile mbili hutupa 'lima' ama 'mali'. Isitoshe, wanakemia wenyewe huziandika kwa herufi moja moja, hivi kwamba GHK ni tahajia kamili ya peptidi husika: glisini, histidini na lisini. (Lisini ilipewa K kwa sababu L ilikuwa imekwisha kutwaliwa na lusini.)

GHK iligunduliwa mwaka 1973 na Mmarekani Loren Pickart katika plazima ya damu ya binadamu. Alikuwa ameona kwamba tishu za ini za wazee, zikilowekwa katika damu ya vijana, hutenda kazi kama za vijana. Kwa mujibu wake, plazima ya mtu wa miaka 20 huwa na takriban nanogramu 200 za GHK kwa kila mililita, ilhali ya mtu wa miaka 60 huwa na 80 hivi. Peptidi hii hushikamana na shaba kwa urahisi, na mwaka 1988 watafiti wa Ufaransa walionyesha kuwa huzichochea seli kutengeneza kolajeni, ile protini inayoipa ngozi uimara wake. Kinachovutia ni kwamba mfuatano wa GHK umo ndani ya kolajeni yenyewe. Ngozi inapojeruhiwa na kolajeni kukatika, inadhaniwa kuwa vipande kama hivi huwa ndivyo vinavyozipasha seli habari kwamba pana la kukarabatiwa.

Matrixyl hufuata mantiki iyo hiyo. Tahajia yake ni KTTKS, kipande cha protini inayotangulia kolajeni. Hata hivyo, tabaka la juu la ngozi hukataa molekuli kubwa na zile zipendazo maji. Kwa hiyo peptidi hii imebandikwa mkia wa mafuta, yaani asidi palmitiki, ambayo imejaa tele katika mawese. Huu ni uambishaji wa aina yake: mzizi haubadiliki, ila kiambishi huupa ruhusa ya kuingia mahali ambapo usingeingia.

BPC-157 ni ya ukoo mwingine kabisa. Ina asidi amino 15, mizani moja pungufu ya mshororo wa kawaida wa shairi la vipande viwili, na imehusishwa na protini ya majimaji ya tumbo. Predrag Sikirić na wenzake wa Zagreb, nchini Kroatia, wameitafiti tangu miaka ya 1990. Katika majaribio yao, kano za kisigino za panya zilizokatwa ziliunga upesi zaidi zilipotibiwa kwayo. Lakini panya si mkimbiaji wa mbio za masafa marefu. Majaribio kwa binadamu ni machache na yamehusisha watu wachache mno. Aidha, chupa zake aghalabu huuzwa zikiwa na maandishi kwamba ni za utafiti pekee, na bado watu hujidunga. Mwaka 2022 shirika la ulimwengu la kupambana na dawa za kusisimua misuli liliiharamisha michezoni. Mwanariadha wa Kenya mwenye kano iliyoumia, akiahidiwa 'sindano ya kuponya', anaweza kupoteza riziki yake kwa kitenzi hicho kimoja.

Na hapa ndipo tunaporejea kwenye lugha. Nchini Marekani, sheria ya mwaka 1938 hutofautisha kipodozi na dawa kwa kuzingatia kile bidhaa inachokusudiwa kufanya. Kubadilisha sura ya mtu ni kazi ya kipodozi; kuathiri muundo au utendaji wa mwili ni kazi ya dawa, nayo lazima ithibitishwe. Ndiyo sababu krimu za GHK na Matrixyl hudai 'kupunguza mwonekano wa mikunyanzi' wala si 'kuondoa mikunyanzi'. Mfasiri mwenye pupa huliacha neno 'mwonekano' kwa kulidhania pambo. Vivyo hivyo, 'kusaidia ngozi kupona' na 'kuponya ngozi' vina mzizi mmoja, ila katika kauli ya pili unyambulishaji umemhamisha mtenda: si mwili tena unaofanya kazi, bali ni chupa.