Mja mzito mwenye rovu: dawa, chumvi na saumu



Dada yetu wa Kituntu, Karagwe, ana rovu na daktari amemwambia tezi yake imedhoofika, hivyo humeza levothairoksini kila siku. Sasa ana mimba ya miezi miwili. Jirani amemwambia dawa itamdhuru mtoto. Anauliza: aiache? Na Ramadhani afanyeje?

Dawa asiiache. Kidonge hicho kinampa homoni ileile ambayo tezi ya shingo ingeitengeneza yenyewe. Tezi ya mtoto haianzi kazi mpaka karibu wiki ya 12. Kabla ya hapo ubongo wake unakua kwa homoni ya mama. Ndiyo maana mara nyingi daktari huongeza dozi mara tu mimba inapojulikana. Aende kliniki sasa, apimwe damu, kwani uchovu na kukosa choo huletwa na mimba pia, na kwa macho huwezi kutofautisha. Vile vidonge vya kuongeza damu vya kliniki aviweke mbali na dawa hii kwa saa nne, maana huizuia isifyonzwe.

Ama yule ambaye tezi yake inafanya kazi kupita kiasi, moyo unakwenda mbio na mikono inatetemeka, dawa zake ni nyingine, na daktari huenda akazibadilisha miezi ya mwanzo.

Rovu nyingi za nyanda za juu hutokana na upungufu wa madini joto. Sisi wa visiwani tusijisifu kwa samaki: uchunguzi wa mwanzoni mwa miaka ya 2000 uliukuta upungufu huo Zanzibar, hasa Pemba. Tununue chumvi yenye madini joto, tuifunike, tuitie chungu kinapokaribia kuiva. Chumvi hiyo ni kinga, haishiki nafasi ya kidonge. Na hirizi ya shingoni haina madini joto.

Kuhusu saumu, kidonge ni kimoja kwa siku: akimeze usiku, nusu saa hadi saa nzima kabla ya daku. Kwa hiyo dawa peke yake si udhuru wa kula mchana. Udhuru ni khofu ya madhara, kwa uzoefu wake au kauli ya daktari mwaminifu. Katika madhehebu ya Imamu Shafi'i, akijikhofia nafsi yake, au yeye pamoja na mtoto, atalipa siku tu. Akimkhofia mtoto peke yake, atalipa na kutoa kibaba kimoja cha chakula kwa kila siku.

Wallahu a'lam.