Mshahara wa daktari mwanagenzi na mtoto wako mgonjwa

UKIMKIMBIZA mtoto hospitali ya kaunti saa nane za usiku, anahema kwa shida na mwili unachemka, daktari wa kwanza kumgusa mara nyingi si bingwa. Ni mwanagenzi: kijana aliyesomea udaktari miaka sita, akafuzu, na sasa anafanya mwaka mmoja wa mafunzo hospitalini ambao bila huo hapewi leseni kamili. Huzungushwa katika wodi za watoto, uzazi, upasuaji na magonjwa ya ndani chini ya usimamizi wa wakubwa wake. Ndiye anayetafuta mshipa kwenye kimkono cha mtoto, anayejaza faili, anayempigia bingwa simu mambo yakizidi.

Malipo ya kijana huyu ndiyo yaliyochochea mgomo wa 2024. Mkataba ambao chama cha madaktari, KMPDU, kilitia saini na serikali mwaka wa 2017 ulimpa Sh206,400 kwa mwezi. Serikali ikasema haimudu, ikataka kumlipa Sh70,000, kama theluthi moja tu. Rais William Ruto alishikilia kuwa nchi haiwezi kutumia fedha isizokuwa nazo. Chama nacho kikajibu kwamba mkataba ni mkataba. Wakati huo wahitimu wengi walikuwa wamekaa nyumbani wakingoja kupangiwa hospitali, huku wazazi waliouza shamba na ng'ombe kuwalipia karo wakiulizwa na majirani, “Daktari wenu bado hajaanza kazi?”

Madaktari waliweka vifaa chini katikati ya Machi. Aprili, maafisa wa kliniki nao wakagoma, na hapo ndipo mambo yalipokuwa magumu hasa, kwani hao ndio hushikilia zahanati na vituo vingi vya afya vijijini. Aliyekuwa na pesa alikwenda hospitali ya kibinafsi au ya misheni. Asiyekuwa nazo alirudi nyumbani na mgonjwa wake.

Mgomo uliisha Mei 8, baada ya siku 56, lakini suala la wanagenzi likaachwa likining'inia. Lilikuja kutatuliwa Desemba, mgomo mwingine ukinukia, serikali ilipokubali kulipa Sh206,400 zile zile. Mzazi ana haki ya kuuliza kwa nini wodi zilikaa bila madaktari majuma manane kwa jambo lililoishia pale pale lilipoanzia.

Wala halikuwa jipya. Mgomo wa siku 100, kuanzia Desemba 2016 hadi Machi 2017, ulihusu mkataba mwingine uliotiwa saini 2013 na kutotekelezwa. Maafisa saba wa chama walifungwa jela kwa siku chache. Na kwa kuwa madaktari wengi sasa wameajiriwa na kaunti, mvutano unaweza kuzuka kaunti moja tu, kama Kiambu mwaka wa 2025, ambako mgomo ulidumu miezi kadhaa.

Madaktari wakigoma, usidhani kila mlango umefungwa. Chanjo hutolewa na wauguzi, kwa hivyo uliza kliniki yako kabla ya kuruka tarehe. Ila mtoto asiyeweza kunyonya wala kunywa, anayetapika kila anachopewa, aliyepata degedege au aliyelegea asiamke, huyo hangoji mazungumzo ya Nairobi. Mpeleke kituo chochote kilicho wazi, usiku huo huo.