Kulaza Pampu ya Petroli Mvua Zinapoanza

Mvua zinapoanza kunyesha Nkololo, kwa kawaida mwezi wa Novemba, kila mtu hufikiri habari za plau na mbegu za pamba, na pampu ya maji huwekwa kando. Wakati wote wa kiangazi ndiyo iliyonywesha nyanya, mchicha na vitunguu kandokando ya mito na malambo. Sasa mbingu yafanya kazi hiyo. Basi mwenyewe huibeba mpaka nyumbani, akaiweka pembeni mwa chumba hali petroli imo ndani ya tangi, akaisahau hata kiangazi cha pili. Siku miche ya nyanya imekwisha kuhamishwa na jua limekaza, huvuta kamba mara ishirini, mara thelathini, na injini haijibu. Fundi yuko Bariadi mjini. Nauli hutafutwa na siku za kungoja huvumiliwa, lakini miche haingoji.

Watu wengi husema kwamba pampu imechakaa, au kwamba dukani waliuziwa kitu kibovu. Huenda ikawa hivyo, lakini mara nyingi kosa limo katika yale mafuta yaliyoachwa ndani. Kwa hiyo twaona yafaa kueleza jinsi petroli inavyoharibika, maana mtu akiisha kuijua sababu hatahitaji kukumbushwa dawa yake.

Petroli si kitu kimoja. Ni mchanganyiko wa mafuta mengi, mengine mepesi na mengine mazito. Yale mepesi ndiyo yanayoshika moto upesi na kuiamsha injini, na ndiyo yanayotangulia kuruka hewani, hata kupitia tundu dogo la kifuniko cha tangi. Yanayobaki huchanganyikana na hewa, yakageuka rangi, yakaanza kunata kama ulimbo. Ndani ya kabureta mna kikombe kidogo cha petroli na vitundu vyembamba mno, vingine havipiti unene wa sindano. Petroli ya kikombe hicho ni kidogo, basi ndiyo inayokauka kwanza, na utomvu wake huziba vitundu hivyo kabisa. Vitabu vya watengenezaji wengi wa injini ndogo huonya kwamba petroli isiachwe ndani ya injini isiyofanya kazi zaidi ya siku 30 hivi. Kwetu tangu Novemba hata Juni ni miezi saba, na joto ni jingi.

Shida hii si ya wakulima peke yao. Katika nchi za baridi kama Kanada na Finland, wenye mashua huzipandisha pwani kabla maziwa hayajaganda, na kazi mojawapo ya kwanza ni kuyatengeneza mafuta ya injini. Hapa Tanzania, mwaka 2024 uvuvi wa Ziwa Tanganyika ulifungwa tangu tarehe 15 Mei hata 15 Agosti ili samaki wazaliane, na injini ya mtumbwi iliyolala miezi mitatu yaweza kupatwa na yale yale yanayoipata pampu ya Nkololo.

Wazungu wale hujaza tangi mpaka juu, wakatia dawa inayochelewesha petroli kuharibika. Sisi hatupendi kuwashauri wasomaji njia hiyo. Dawa yenyewe ni shida kupatikana vijijini, na tangi lililojaa petroli ndani ya nyumba wanamolala watu ni hatari kubwa. Petroli hutoa mvuke hata katika baridi ya kugandisha maji; mvuke huo ni mzito kuliko hewa, hutambaa chini sakafuni mpaka ukutane na jiko au kibatari. Afadhali kuitoa yote.

Fanya kazi hii nje, mbali na moto, wala asiwepo mvuta sigara. Kwanza washa pampu ikivuta maji safi ili matope yatoke, kisha funga koki ya petroli na uiache injini iendelee mpaka izimike yenyewe. Hivyo kabureta itakuwa imekunywa karibu yote iliyokuwamo. Ingali na joto, mwaga oili chafu ukatie mpya. Kisha ngoja ipoe kabisa. Hapo ndipo utoe petroli ya tangini, ukiipokea katika dumu lenye kifuniko, na kulegeza skrubu iliyo chini ya kikombe cha kabureta ili tone la mwisho lidondoke. Safisha chujio. Fungua plagi, tia oili safi kiasi cha kijiko kidogo cha chai, vuta kamba polepole mara mbili tatu ili oili ienee, urudishe plagi. Mwisho vuta tena kamba polepole mpaka mkono uhisi uzito, uache papo hapo. Hapo milango ya injini imefungwa, na hewa yenye unyevu haiingii kwa urahisi. Maji yaliyobaki tumboni mwa pampu nayo yamwagwe, na mipira itundikwe juu, maana panya huipenda.

Petroli iliyotolewa, ikiwa ni safi, itiwe katika pikipiki itumike siku hizo hizo. Kamwe isiwekwe katika chupa ya soda. Mtoto mwenye kiu hajui tofauti. Wala isimwagwe karibu na lambo.

Wenye mashine za kusagia na matrekta wasifuate maneno haya, kwa sababu dizeli ina tabia nyingine. Hairuki upesi, adui yake ni maji. Tangi likiwa nusu, hewa yenye unyevu huingia, na usiku wa baridi unyevu huo hugeuka matone yakashuka chini, kwa kuwa maji ni mazito kuliko dizeli. Hapo vijidudu visivyoonekana kwa macho huzaliana kati ya maji na mafuta, vikafanya ute mweusi unaoziba chujio. Kwa hiyo tangi la dizeli hujazwa, na maji hutolewa kwa koki ya chini kabla ya kuiwasha tena. Ukilimaliza kabisa, hewa itaingia katika mabomba na kukupa kazi ya kuitoa.

Siku ya kuiamsha pampu, tia petroli mpya. Ikikataa na ukaona utomvu katika kabureta, usichokoe vitundu kwa waya. Waya huvipanua, na tangu siku ile injini itakula mafuta kupita kiasi. Viloweshe kwa petroli safi, kisha vipulizwe kwa pampu ya baiskeli. Na siku ya kuilaza, funga katika kamba yake kipande cha karatasi ngumu kilichoandikwa tarehe, na kwamba tangi ni tupu na oili ni mpya, maana atakayeiwasha mwezi wa Juni huenda si wewe.