Naitrojeni Ipoteayo Mtoni Hupimwaje?

Mkulima anunuapo mfuko wa kilo 50 wa mbolea ya CAN hupata humo kama kilo 13 za naitrojeni, chakula kile kinachofanya majani ya mahindi yawe ya kijani kibichi. Lakini mahindi hayali yote. Mvua kubwa ikinyesha, sehemu yake huyeyuka, hupita ardhini au mferejini, na mwisho hufika mtoni ikiwa naitreti. Hapo wengi husema imekwenda baharini. Si yote ifikayo huko.

Chini ya mto mna tope, na ndani yake oksijeni ni haba. Vijidudu vikaavyo humo vikikosa oksijeni ya kupumua huinyang'anya naitreti oksijeni yake. Kinachobaki ni hewa ya naitrojeni, ambayo hutoka majini na kurudi angani. Ni hasara kwa mwenye mbolea, ila ni faida kwa samaki.

Kuipima hewa hiyo ni kazi ngumu. Katika kila sehemu 100 za hewa tuvutayo, 78 ni naitrojeni, na maji ya mto tayari yana nyingi iliyotoka angani. Utaijuaje ile ya topeni? Ni kama kutafuta kikombe cha maziwa ya ng'ombe wako ndani ya tangi la chama cha ushirika. Basi wataalamu hupima pamoja nayo hewa nyingine iitwayo agoni. Hiyo nayo huingia majini kutoka angani, lakini hakuna kijidudu kiilacho wala kiitoacho. Wakijua joto la maji, wajua kila moja yapasa kuwamo kiasi gani. Agoni ikiwa ya kawaida na naitrojeni imezidi, ziada hiyo imetoka topeni. Mwaka 2002 njia hii ilielezwa kwa mito ya Marekani. Chupa hujazwa mpaka imwagike, lisibaki hata povu moja, tena hutiwa sumu ya kuua vijidudu visiendelee na kazi njiani.

Mto mkubwa una taabu yake: maji ya asubuhi siyo yapitayo jioni. Katika mto Elbe, Ujerumani, wataalamu walishuka pamoja na maji yale yale kutoka mpaka wa Cheki hadi Geesthacht, karibu na Hamburg, mwendo wa kilomita kama 580. Waliweka pia hesabu ya naitreti iingiayo na itokayo, kama mwenye duka. Hesabu hiyo peke yake haitoshi, kwani naitreti iliyopungua huenda imeliwa na mimea midogo ya majini, nayo ikioza huirudisha.

Hesabu za bonde la Mississippi zilizotolewa mwaka 2000 zilionyesha kwamba kijito kidogo huondoa naitrojeni upesi kuliko mto mkubwa. Maji machache hugusa tope sana. Katika kina kirefu mengi hupita bila kuligusa. Ikikosa kuondolewa mapema, huteremka. Mwaka 2017, kilomita za mraba 22,720 za Ghuba ya Meksiko zilipungukiwa oksijeni kwa sababu hiyo. Kwetu, Nzoia huipeleka Ziwa Viktoria, nako hulisha gugu maji.

Kwa hiyo, bwana mkulima, kinamasi cha mafunjo kilicho chini ya shamba lako kina kazi, usikikaushe. Na CAN itie mahindi yafikapo magotini, siyo siku ambayo mawingu ya mvua kubwa yamekwisha kukusanyika.