Je, Wajua? Moyo wa Mikebuka, wa Mamba na wa Kwako

Mikebuka ana vyumba viwili, wewe una vinne
Mpasue samaki aitwaye mikebuka pale sokoni Kalemie. Nyuma tu ya mashavu utaukuta moyo wake: chumba cha kupokea damu na chumba cha kuisukuma, basi. Damu hupita mashavuni kuchukua oksijeni, kisha huendelea mwilini bila kurudi moyoni kwanza. Yako hurudi! Upande wa kulia huipeleka mapafuni, nayo hurejea upande wa kushoto ili isukumwe upya kwa nguvu mpaka ubongoni na vidoleni. Ndiyo maana ukuta wa chumba cha chini cha kushoto ni mnene karibu mara tatu kuliko wa kulia: mapafu ni jirani, vidole vya miguu viko mbali. Chura yuko katikati, ana vyumba vitatu.

Mamba hufunga njia ya mapafu
Mamba naye ana vyumba vinne, lakini ana ujanja wa ziada. Akizama katika Ziwa Tanganyika anaweza kupunguza damu iendayo mapafuni na kuizungusha mwilini. Chini ya maji hakuna hewa mpya ya kuifuata huko.

Bidoni 360 kwa siku
Moyo wako hauzidi sana ngumi yako. Hata ukiwa umeketi tu, husukuma takriban lita 5 kila dakika, yaani lita 7,200 kwa saa 24: bidoni 360 za lita 20. Aliyewahi kupandisha bidoni moja tu kutoka ziwani hadi nyumbani anajua uzito wa hesabu hiyo. Na damu yenyewe mwilini ni kama lita 5 hivi, ni ile ile inayozunguka.

Moyo hupumzika zaidi kuliko unavyofanya kazi
Pigo moja huchukua kama sekunde 0.8. Vyumba vya chini hujikaza sekunde 0.3, zilizobaki hulegea na kujaa damu. Jumlisha: mapumziko ya saa 15 kwa siku, ila kwa vipande vidogo mno.

Ibn al-Nafis alimtangulia Harvey
Mwingereza William Harvey alieleza mzunguko wa damu mwaka 1628. Lakini karibu miaka 400 kabla yake, tabibu Ibn al-Nafis, aliyezaliwa Syria na kufanya kazi Cairo, alikwisha andika kwamba damu hutoka kulia kwenda kushoto kupitia mapafu, wala si kwa matundu katika ukuta wa kati wa moyo kama wakubwa wa zamani walivyofundisha.

"Du-dup" ni milango
Daktari anapokuwekea kifaa kifuani husikia vali zikifunga: mbili za ndani kwanza, kisha mbili za kutokea. Vali hizo zina adui asiyetarajiwa, koo la mtoto. Maambukizi fulani ya bakteria kooni, yasipotibiwa, huweza kuleta homa ya rumatiki inayoziharibu hata zikavuja. Penisilini ikitolewa mapema huyatibu. Mtoto akilalamika koo na homa, mpeleke kituo cha afya.